UZI: Matrela ya chakula na makaravani ya faiba: kwa nini yanabanduka huku pwani, na namna ya kuyajenga yadumu

#1 FundiWaMtoni

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Maswali ya matrela yamekuwa mengi humu: ya kuuzia chipsi na juisi, ya kulala wageni, na yale makaravani yaliyotumika yanayoletwa kutoka Ulaya ukuta ushavimba. Kila mmoja anauliza gundi gani nzuri. Nimeona tuliweke jambo hili pahala pamoja, kwa sababu jibu lake si jina la gundi. Trela likibanduka, mara nyingi gundi yenyewe ingali nzima. Chana kiungo utaikuta imeganda vizuri, inavutika kama mpira, imekaa yote upande wa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini), na upande wa chuma hakuna hata alama yake. Hapo kilichoshindwa ni uso uliopakwa.

Mfano wetu uwe trela la mita 4 kwa 2, kimo mita 2, chasisi ya chuma, kuta na paa za paneli: ngozi ya faiba mm 2 nje, povu katikati, ngozi nyengine ndani.

Naanza na chumvi. Kusi ikianza kuvuma, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, Michamvi mpaka Makunduchi, inapokea mvuke wa bahari mchana na usiku. Chuma kilicholala nje usiku mmoja tu tayari kina utando. Fundi anachukua tina (ya kuzimulia rangi) au asetoni, anafuta, kitambaa kinatoka cheusi, anaridhika. Tina haiyeyushi chumvi, wala asetoni. Zinatoa mafuta, chumvi zinaisogeza tu kutoka hapa kwenda pale. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo umefungia chini ya gundi kitone cha maji ambacho hakitakauka.

Kwa hiyo maji kwanza. Osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni kidogo ya vyombo, suuza mara mbili. Nasisitiza yasiyo na chumvi kwa sababu visima vingi vya mashariki vina maji ya chumvichumvi; ukioshea hayo umerudi ulikotoka. Maji ya mvua ya tangini yanafaa sana. Acha pakauke kabisa. Halafu futa mafuta kwa asetoni ukitumia vitambaa viwili vyeupe vya pamba: cha kwanza kimeloa, cha pili kikavu kinachofuata papo hapo kabla asetoni haijapaa. Ukiiacha ipae yenyewe, mafuta yanashuka palepale yalipokuwa. Ndipo upige msasa namba 80 mpaka 120, upulize vumbi, ufute tena kwa vitambaa vipya viwili. Wengi wanapiga msasa kabla ya kufuta, wakayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo.

Baada ya hapo ni praima (dawa ya kushikisha gundi) inayokwenda na gundi yako, kupaka kwembamba mara moja tu, uingoje muda ulioandikwa kwenye kopo lake, mara nyingi dakika 10 hadi 30. Usiguse kwa mkono mtupu. Jasho la mkono lina chumvi na mafuta pamoja.

#2 Mwera_Magari

Waaleikum salaam fundi. Maelezo mazuri, ila kwa bodi za magari sisi tunapiga ribiti kila sentimita 10 na bodi zinatembea miaka. Kwa nini nisipige ribiti na gundi kwa pamoja nikapata nguvu mara mbili?

#3 FundiWaMtoni

Mwera, hupati mara mbili. Ribiti ni ngumu, gundi ya polyuretheni ni laini. Mzigo ukija, ribiti inaubeba wote kwa sababu haisogei. Gundi haijavutika hata kidogo, kwa hiyo haijafanya kazi. Tundu la ribiti likishalegea na kuwa la yai, ndipo gundi inaanza kubeba, na wakati huo maji yashaingia kupitia hilo tundu. Kwenye bati juu ya chuma, ambako ukuta ni bati tupu, ribiti inavumilika. Kwenye paneli yenye povu kila tundu ni mlango wa maji kuingia kwenye moyo wa paneli, na humo hayatoki.

Ukiwa na ulazima wa skrubu, kwa mfano bawaba za dirisha la kuuzia, toboa tundu pana kuliko unalohitaji (skrubu ya mm 6, toboa mm 12), ondoa povu ndani, jaza epoksi (rezini ngumu ya makopo mawili) iliyotiwa unga wa kunenepesha, ikiganda toboa tena mm 5 katikati. Hapo skrubu imekaa kwenye epoksi, haigusi povu wala mbao.

#4 Kalafati_Nungwi

Naongeza hapo kwa lugha ya majahazi, maana ni jambo lilelile. Ubao wa jahazi unavimba na kunywea, na ndiyo maana mshono unatiwa pamba ya kalafati ambayo inasogea na ubao. Hakuna fundi wa Nungwi atakayeujaza mshono kwa kitu kigumu, kwa sababu kitu kigumu kitaubana ubao upasuke au kitaachana nao. Trela nalo lina mshono unaosogea. Hesabu yake ni hii.

Chuma hurefuka sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii ya joto. Alumini 23. Faiba ya mati (mkeka wa nyuzi za kioo) na poliesta (rezini yake) kati ya 25 na 30. Chukua paa la mita 4 la faiba juu ya fremu ya chuma. Alfajiri nyuzi 24, saa nane mchana paa limefika 64. Tofauti ni digrii 40. Faiba ikiwa 28 na chuma 12, tofauti yao ni 16. Zidisha: mm 4000 × 16 ÷ 1,000,000 × 40 = mm 2.56. Katikati hapasogei, kwa hiyo kila mwisho unasogea karibu mm 1.3. Kila siku, kwenda na kurudi. Na hapo nimechukulia chuma nacho kimefika nyuzi 64; kikiwa kivulini chini ya paa, mwendo unazidi.

Gundi yenye unene wa nusu milimita haiwezi kuvutwa mm 1.3 kila siku. Yenye unene wa mm 3 inaweza bila taabu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni fundi kubana paneli kwa klempu mpaka gundi yote inafurika nje, akidhani kubana sana ndiko kushika sana. Kwa gundi ya mbao ni kweli. Kwa polyuretheni ni kinyume. Weka vipande vya mpira vya mm 3 kila nusu mita kwenye fremu kabla ya kupaka, halafu kandamiza mpaka paneli iguse mpira, basi. Usiweke vipande vya mbao au plastiki ngumu. Gundi ikinywea kidogo, mzigo wote utakalia pale.

#5 FundiWaMtoni

Shukrani mzee wangu, umenipunguzia kazi.

Kiasi cha gundi kwa trela letu: kata ncha ya bomba umbo la V, msingi mm 8 na kimo mm 12, ili upake mstari wa pembetatu. Ukikandamizwa hadi mm 3 unatanuka upana wa mm 16. Pembetatu hiyo inakula ml 48 kwa mita. Pembe nne za kusimama ni mita 8, mzunguko wa juu 12, wa chini 12, jumla mita 32, yaani lita 1 na nusu na kidogo. Bomba la ml 300 linatoa mita 6 na robo. Nunua mabomba 7, moja la akiba, na mengine mbali kwa madirisha.

Pembetatu si pambo. Mstari wa duara ukikandamizwa unafungia hewa katikati. Pembetatu inaanza kugusa kwa kilele na kusukuma hewa nje pande zote mbili.

Kuhusu aina: kwa kuunga paneli na fremu chukua polyuretheni ya kuungia bodi za magari, kama Sikaflex-252 au ya kufanana nayo. Sikaflex-221 ni ya kuzibia na kuunga vitu vyepesi. Watu wanaichukua kwa sababu majina yanafanana, kisha wanashangaa.

#6 BintiChuini

Kaka FundiWaMtoni, ongeza tahadhari ya spiriti. Gundi ya polyuretheni ya bomba moja inaganda kwa kula unyevu wa hewani. Ikiwa bado mbichi na ukafuta kingo kwa spiriti ya kuchomea au dawa yoyote yenye alkoholi, alkoholi inaungana na gundi badala ya maji, na pale pamefutwa panabaki nata, hapagandi tena. Kulainishia kidole tumia maji yenye sabuni kidogo, na kwa kusafisha gundi mbichi tumia tina ya madini (white spirit).

Na kwa vile inahitaji unyevu, wengine wanafikiri Unguja ni peponi kwake. Kwa kasi ni kweli: utando unafunga mapema kuliko muda ulioandikwa, maana huo umeandikwa kwa nyuzi 23 na unyevu asilimia 50, na sisi tunafanya kazi kwenye 30 na asilimia 80. Ikiandikwa dakika 40, wewe hesabu 20 na paneli iwe ishakaa. Ukiweka paneli juu ya gundi iliyokwisha kufunga utando, itaonekana imeshika na siku ya kwanza barabarani itaachia.

Ndani inaganda kama mm 3 hadi 4 kwa siku, na kadiri inavyokwenda ndani inapungua kasi. Mstari wa mm 16 unapata hewa kutoka kingo mbili, kwa hiyo lipe siku 7 kabla ya kulivuta trela. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kubandika ngozi ya faiba kwenye povu kwa gundi ya bomba iliyotandazwa paneli nzima. Katikati ya paneli hakuna hewa inayofika. Unaweza kukata paneli mwezi mmoja baadaye ukakuta gundi mbichi kabisa. Kazi ya kutandaza ni ya gundi ya polyuretheni ya makopo mawili au epoksi, gramu 250 hadi 350 kwa mita mraba.

#7 Wete78

Nyie wa Unguja mnajenga mapya, sisi huku tuna karavani lililotumika, kuta za ndani plaiwudi nyembamba, nje alumini, katikati povu jeupe la punjepunje na mirunda ya mbao. Pembe ya nyuma ukibonyeza inaingia ndani, na kuna harufu ya uvundo. Pemba mvua hazitupi nafasi. Nianzie wapi? Na mwenye duka kanambia nipake silikoni kwenye mishono yote ya nje, ni sawa?

#8 BintiChuini

Silikoni usiiguse, tafadhali. Silikoni haipakiki rangi, na pahala palipopita silikoni gundi nyengine haishiki, hata silikoni mpya juu ya ya zamani haishiki vizuri. Mabaki yake hayaondoki kwa asetoni. Ni kukwangua na kusaga mpaka uso mpya. Ile yenye harufu ya siki ndiyo mbaya zaidi, inatoa asidi inayokula mabati ya zinki na shaba. Kwenye mishono ya kona yenye ukanda wa alumini, weka utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini ya ukanda, skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizopakwa dawa ya kutenganisha metali, maana alumini na chuma cha namna hiyo vikikutana na mvuke wa chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaouona kuzunguka vichwa vya skrubu ni hiyo alumini ikiondoka.

#9 FundiWaMtoni

Wete, anza na sarafu. Shika ya shilingi 200, gonga ukuta kwa ukingo wake kila sentimita 5, ukienda mistari kama unayelima. Palipo pazima panajibu kwa sauti kali na fupi. Palipoachana panajibu kwa sauti nzito, kama kugonga boksi tupu. Chora mpaka kwa penseli. Ukimaliza utaona umbo, na umbo hilo litakuelekeza maji yalikoingilia: likiwa pana chini na jembamba juu, fuata ncha ya juu. Mara nyingi utafika kwenye kona ya paa, taa ya nyuma au kona ya dirisha.

Ziba pale kwanza. Kisha toa plaiwudi ya ndani sentimita 15 kupita mpaka uliouchora, pande zote. Mirunda iliyooza iondoe yote; iliyobadilika rangi tu lakini kisu hakizami, iache ikauke.

Kukausha ndiko kwenye kazi. Epoksi inataka mbao zenye unyevu chini ya asilimia 12. Mbao iliyokaa tu chini ya banda kwenye hewa ya asilimia 80 haishuki chini ya 15 au 16, hata uiache mwaka. Kwa hiyo "nimeianika wiki mbili" si hoja. Inabidi uipashe moto: turubai kuzunguka ile sehemu, taa mbili za joto au hita ndogo, tundu chini na tundu juu ili hewa ipite, siku nne au tano, na usimamie muda wote. Kama unaweza kuazima kipima unyevu cha mbao, pima kila asubuhi. Namba ikikaa palepale siku mbili na iko chini ya 12, paka siku hiyohiyo, usilale nayo.

#10 Wete78

Nimeelewa. Povu jeupe naweza kulirudisha lilelile na kupaka rezini ya poliesta juu?

#11 BintiChuini

La, ndugu yangu. Rezini ya poliesta ina stairini, na hilo povu jeupe ni jamaa yake stairini. Litayeyuka mbele ya macho yako na kuacha shimo. Hata lile la buluu au waridi lililobanwa, mambo ni yaleyale. Tumia epoksi au gundi ya polyuretheni ya makopo mawili juu yake. Ukitaka lazima poliesta, povu liwe la polyuretheni au la PVC.

Na lile lililobanwa lina ngozi laini kiwandani. Gundi haiingii. Lisugue kwa msasa namba 40 hadi 60 mpaka liwe na manyoya kote, uvute vumbi.

#12 Mwera_Magari

Sasa tuje kwenye faiba yenyewe. Wengi huku wananunua rezini ya kawaida ya maboti, wanatia hadna kwa jicho. Mngetoa vipimo.

#13 BintiChuini

Vipimo vya paa letu, mita mraba 8, ngozi ya nje ya mm 2:

Mati ya gramu 450 kwa mita mraba, tabaka mbili: 8 × 2 × 0.45 = kilo 7.2. Rezini mara 2.3 ya uzito wa mati: kilo 16.6, ongeza ya kupotea, chukua 18. Jelikoti (rezini yenye rangi ya uso wa nje) gramu 600 kwa mita mraba: kilo 5 kasoro kidogo. Hiyo inakupa unene wa karibu nusu milimita. Chini ya mm 0.4 haigandi vizuri na nyuzi za mati zitaonekana; juu ya mm 0.8 inapasuka nyufa za utando wa buibui.

Katalisti (ndiyo hadna ya poliesta) ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwa nyuzi 30 na zaidi nenda na 1. Usishuke chini ya 1 ili upate muda zaidi. Rezini itaonekana imeganda lakini haijakamilika ndani, na ndiyo inayokuja kutoa malengelenge baadaye. Ukitaka muda, changanya kidogokidogo: kilo 2 kwa gramu 20 za katalisti, imwage kwenye beseni pana badala ya kopo. Ikikaa kopo refu inajipasha moto yenyewe na kuganda kabla hujaipaka. Pima kwa mizani ya jikoni au bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Rezini ya kawaida ya ortho inalainika kwenye joto la nyuzi 60 na kitu hadi 70. Aina ya iso inakwenda 90 na zaidi, na inastahimili maji vizuri kuliko ortho. Kwa paa na kuta za nje ningetafuta iso, hata kama ni kuiagizia Dar.

Na hapa naomba msome polepole. Katalisti na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) visikutane vyenyewe kamwe. Vinalipuka. Kobalti inachanganywa kwenye rezini kwanza, mpaka ipotee kabisa, ndipo katalisti. Nyingi zinauzwa kobalti ishatiwa, soma pipa. Katalisti ikiingia jichoni inapofua. Vaa miwani ya kazi, uwe na maji karibu, ikiingia suuza papo hapo dakika 15 bila kusimama, kisha nenda hospitali. Vitambaa vyenye rezini mbichi usivirundike, vitandaze nje.

#14 Kalafati_Nungwi

Binti kasema kweli. Mie naongeza rezini iliyozeeka. Pipa kivulini na baridi linakaa kama miezi 6. Pipa lililosubiri juani bandarini, kisha likakaa chini ya bati, linaweza kuwa limekwisha kabla ya tarehe yake. Kabla ya kununua chukua gramu 100, tia gramu 1 ya katalisti, tazama saa. Inatakiwa ianze kuwa kama uji wa muhogo mzito ndani ya muda ulioandikwa, au mapema kidogo kwa joto letu. Ikipita saa moja bado maji, liache. Na rezini ikivutika nyuzinyuzi kama asali kabla ya kutia chochote, hiyo ishaanza kuganda pipani.

#15 KijanaMbweni

Samahanini wakubwa. Ni wakati gani wa siku mzuri kufanya kazi? Niliambiwa alfajiri kwa sababu kuna ubaridi na rezini haikimbii.

#16 FundiWaMtoni

Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, mwanangu. Tazama chasisi ya gari iliyolala nje: saa kumi na mbili asubuhi inatoa jasho. Hata pale ambapo huoni maji, upo utando.

Kanuni yake ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kufika hapo inaanza kutoa maji. Hesabu ya haraka kwa hewa yetu: toa unyevu kutoka 100, gawa kwa 5, kisha toa jibu kwenye joto la hewa. Hewa nyuzi 30, unyevu 80: 100 kutoa 80 ni 20, gawa kwa 5 ni 4, kiwango cha umande ni 26. Uso unaoupaka lazima uwe juu ya hapo kwa digrii 3, yaani 29 au zaidi. Alfajiri hewa ni 25 na unyevu 90: kiwango cha umande 23, uso unatakiwa uwe 26, na chuma kilicholala nje kiko 23 au chini yake. Hufiki. Kipima unyevu cha ukutani kinatosha kwa kazi hii, na kipima joto cha kulenga kwa uso wa chuma.

Kwa gundi ya kuunga bodi, saa nne asubuhi mpaka saa nane, kivulini. Kivuli ni lazima. Paneli iliyo juani ikifika nyuzi 60 itaichemsha gundi upande mmoja.

#17 Kalafati_Nungwi

Kwa epoksi juu ya plaiwudi mie natofautiana nawe kidogo, Mtoni. Saa nne joto linapanda. Hewa iliyomo ndani ya mbao inatanuka na kutoka, na kila pahala inapotokea inaacha kitobo kwenye epoksi, kama mkate wa kumimina. Vitobo hivyo ndivyo maji yanapopitia. Ianike plaiwudi tangu asubuhi ipate joto, iingize kivulini saa tisa alasiri, upake wakati inapoa. Mbao ikipoa inavuta hewa ndani, na inavuta epoksi pamoja nayo. Lakini tumia hadna ambayo itakuwa ishakaza kabla ya maghribi, maana umande ukiiangukia mbichi unatoka utando mweupe wenye mafuta.

#18 FundiWaMtoni

Nakubali, mzee. Saa nne niliisemea gundi ya kuunga, kwa mbao fuateni alilosema yeye. Na utando huo wa mafuta unaweza kutokea hata bila umande wa kuonekana, unyevu wa hewa tu unatosha. Kabla ya mkono wa pili osha kwa maji na sponji ngumu ya jikoni, kausha, ndipo msasa. Ukianza na msasa unaupaka utando ndani. Kingo za plaiwudi zipate mikono mitatu. Uso, miwili inatosha. Maji huingia kwa kingo.

Uwiano wa epoksi ni wa kiwanda chake, 2 kwa 1 au 5 kwa 1, na haubadilishwi. Si kama poliesta. Kuzidisha hadna ya epoksi hakuharakishi, kunaacha hadna iliyokosa mwenzake, na kitu kinabaki laini daima.

#19 Mwera_Magari

Mteja akitaka trela jeusi au buluu iliyoiva? Wenye migahawa wanapenda hivyo.

#20 BintiChuini

Mwonyeshe namba. Paa jeusi kwenye jua la kaskazi linafika 70 hadi 80. Jeupe liko karibu na 45 hadi 50. Epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida inaanza kulainika kati ya 50 na 60. Povu lililobanwa kikomo chake ni 75. Gundi ya mpira ya viatu, ambayo wengi wanaibandikia fomeka ndani, nayo hulegea kwa joto. Rangi iliyoiva iwe ya mistari au kibao cha jina, kwenye kuta zisizopigwa na jua la alasiri. Paa jeupe, hilo mie silijadili.

Epoksi pia haistahimili jua yenyewe. Ikiachwa wazi inageuka njano, kisha unga. Lazima rangi ya polyuretheni ya makopo mawili juu yake.

#21 KijanaMbweni

Swali la mwisho kwangu. Nitajuaje kama maandalizi yangu yameshika kabla sijaunga trela zima?

#22 FundiWaMtoni

Chukua kipande cha chuma kilekile cha fremu yako na kipande cha faiba ileile, sentimita 20 kila kimoja. Viandae kama utakavyoandaa trela, kwa mkono uleule na vitambaa vilevile. Paka kwenye kila kimoja mstari wa gundi bapa, upana mm 15, unene mm 5, wazi juu, bila kuvifunika. Acha siku 7. Kisha vizamishe kwenye ndoo ya maji siku 7 nyengine. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayotoa siri, kwa sababu gundi nyingi hushika vizuri kavu.

Vitoe, futa maji. Kwa wembe tenganisha ncha ya mstari sentimita 2, ishike kwa koleo, ivute nyuma juu yake yenyewe kwa nguvu. Kila sentimita moja kata kwa wembe mpaka chini kwenye chuma, uendelee kuvuta. Tazama chini palipobaki. Gundi ikichanika katikati yake, ikaacha ngozi nyeusi kwenye chuma na nyengine mkononi mwako, maandalizi yamekubali. Ikibanduka safi ukaona chuma kinang'aa, rudi kwenye maji na vitambaa. Ikiondoka na rangi iliyokuwa juu ya chuma, gundi haina kosa: ulibandika juu ya rangi ya mafuta. Isage yote, paka praima ya epoksi ya makopo mawili, na ujaribu upya.

#23 Wete78

Na mati iliyopata unyevu ghalani? Nina roli moja ina mabaka meupe.

#24 BintiChuini

Ifungue yote, itandaze juani kwenye turubai safi kuanzia saa nne hadi saa tisa, mchana usio na mawingu, kisha kata kipande cha sentimita 30 ukijaribu kwa rezini. Mati nzuri inageuka kama kioo ndani ya dakika mbili tatu za rola. Ikibaki na ukungu mweupe kwenye nyuzi baada ya hapo, usiitumie kwa trela. Itumie kwenye molda ya muda au vifuniko visivyobeba kitu. Na inayobaki ifunge kwa plastiki ikiwa ingali na joto la jua, si baada ya maghribi.

#25 Wete78

Shukrani nyingi. Kesho naanza na sarafu.